Vibao vya spidi 50 barabara kuu: vinaokoa watu au ni mtego wa tochi za trafiki za kupima spidi? Tubishane kistaarabu

Mleta mada:
Wakuu habari za jumapili. Wiki iliyopita mimi na shemeji yangu tulitoka Msamvu pale Morogoro asubuhi moja tunaenda Dodoma, kila mtu na gari yake, mimi nina IST yangu mzee yeye ana Crown. Shemeji ni mtu wa kukanyaga, vibao vya 50 kwake ni mapambo. Mimi kila kijiji nashuka 50, Dumila 50, Gairo 50, Kibaigwa pale sokoni kwenye mahindi na malori na bodaboda 50 tena nyingine naenda chini ya hapo. Basi nafika Nane Nane ya Dodoma namkuta ameshaagiza supu, ananicheka eti nimekuja na baiskeli. Naangalia saa, kanitangulia dakika 24. Dakika 24 wakuu! Na njiani kapigwa tochi mara 2, faini 30,000 mara 2 hiyo 60,000, hapo mafuta sijahesabu.

Nikakaa nikapiga hesabu. Chukua vijiji 20 vya kilomita 2 kila kimoja, jumla kilomita 40. Ukipita kwa 50 unatumia dakika 48, ukipita kwa 80 dakika 30. Tofauti yote dakika 18, yaani muda wa kula chipsi mayai. Sasa kwa dakika 18 unaweka roho za watu wa vijiji 20 rehani, kweli inalipa? Karibuni.

Mtu wa IT:
Mleta mada unaongea vizuri ila unaishi kwenye hesabu, njoo barabarani. Mimi napeleka magari ya IT, yaani ya transit yanayovuka mpaka, Tunduma miaka mingi, hivyo vibao vingine vimewekwa porini hakuna hata nyumba, hakuna shule, hakuna mbuzi. Kibao cha kuanza 50 unakiona, cha kumaliza hukioni, kimeng'olewa au kimefunikwa na majani, unatembea 50 kilomita nzima unasema ngoja niongeze, ukifika 70 tu mbele wanakuonyesha picha kwenye simu, umepigwa na mtu aliyejificha nyuma ya mti. Huo ni usalama au makusanyo? Kama shida ni usalama trafiki asimame wazi na tochi yake kila mtu amuone apunguze. Halafu ajali nyingi ninazoziona mimi ni kuovateki kwenye kona na usingizi, sio mtu wa 70 kwenye 50.

Mleta mada:
Mkuu hapo kwa vibao nakuunga mkono 100%, mimi mwenyewe nimeshaliwa hivyo hivyo. Ila usichanganye mambo mawili. Tochi kufichwa nyuma ya mti hakumfanyi mtoto anayevuka awe chuma. Tuseme breki nzima, lami kavu, dereva sekunde 1 kushtuka. Wa 50 tangu anamuona mtoto mpaka gari linasimama ni kama mita 28. Wa 80, ile sekunde ya kushtuka peke yake imeshakula mita 22, kwahiyo pale mita ya 28 ambapo mwenzake amesimama yeye ndo kwanza tairi zinaanza kulia na bado anatembea zaidi ya 70. Sio 30, nasema SABINI. Mtoto yule yule, umbali ule ule. Na hapo sijaweka mvua wala tairi kipara, na wote tunajua matairi yetu.

Suka wa mikoani:
Mimi ni dereva wa basi naomba niseme kidogo. Sisi sheria ni 80 nje ya makazi na VTS ya LATRA, kile kifaa cha mamlaka ya usafiri cha kufuatilia mwendo wa basi, imefungwa, ukizidisha inalia humo ndani kama kuku anataga, na unaonekana mpaka ofisini. Mwanzoni nilichukia sana. Sasa hivi nasema afadhali, maana zamani basi la kampuni nyingine likikupita abiria wanaanza "suka vipi tumepanda trekta?" na kijana damu inachemka mnaanza kufukuzana. Leo wakipiga kelele nawaambia sikilizeni king'ora hicho, wanakaa kimya. Ila wengine ni hao hao, VTS ikilia wanasema "iache ilie". Abiria wa kitanzania bwana, akishuka salama anasema dereva mzembe kachelewa.

Crown Athlete:
Shemeji mwenyewe nipo hapa. Dakika 24 ni dakika 24, supu niliinywa ya moto.

Mama Kibandani:
Nyie mnabishana mkiwa ndani ya magari. Mimi nauza nyanya na vitunguu pembeni ya hiyo lami mnayoisema, kijiji sikitaji. Shule iko upande wa pili wa barabara, sisi hatuna daraja la juu wala mtu wa kushika bendera, watoto wanavuka wenyewe asubuhi na mchana. Siku trafiki wapo tunajua hata kabla hatujawaona maana magari yanapita pole na mnasimama kununua. Wakiondoka tu, vumbi linanipiga usoni na ndoo za nyanya zinatikisika. Mnawashiana taa kuambiana trafiki wapo mbele, mbona hamuwashiani taa kuambiana watoto wa shule wametoka?

Mtu wa IT:
Mama hapo umenikamata, sina jibu. Sisi taa tunawasha kwa ajili ya tochi tu kwakweli.

Ila msimamo wangu kwenye vibao haubadiliki, pasipo na watu watoe, penye watu kama kwa mama waweke na matuta kabisa, tuta halijifichi nyuma ya mti.

Suka wa mikoani:
Matuta usiku bila rangi nayo yanaua, usiombe.

Mleta mada:
Jumanne narudi Dar. Nitahesabu kuanzia Gairo mpaka Msamvu vibao vya kumaliza 50 vilivyopo na visivyokuwepo nilete hapa. Mama, bei ya ndoo ya nyanya ikoje sasa hivi?