Kaunti ya Kilifi: kesi za kukaidi kukamatwa huishia wapi mahakamani?

Swali

Salaam nyote. Mpwa wangu ni mwendeshaji bodaboda upande wa Mariakani. Alikamatwa kwenye kizuizi cha barabarani, akaachiliwa kwa dhamana ya polisi, na juma lijalo atasomewa mashtaka mawili: kuendesha pikipiki bila leseni, na kukaidi kukamatwa kinyume cha kifungu cha 253(b) cha Kanuni ya Adhabu. Leseni anayo, ila siku hiyo aliisahau nyumbani. Alipoamriwa apande gari la polisi aliuliza kosa lake, akashikwa mkono, naye akauvuta. Wenzake wa stejini wanamshauri akiri yaishe, kwa kuwa eti ni kosa dogo la faini, lakini hukumu nilizosoma mtandaoni karibu zote ni za vifungo. Naomba wanaofuatilia mahakama za kaunti yetu, yaani Malindi, Kilifi, Kaloleni na Mariakani, wanieleze kesi kama hizi huishaje.

Jibu la kwanza (karani mstaafu wa mahakama)

Ndugu, hukumu ulizosoma zisikutishe kupita kiasi, kwa sababu nyingi ya zile zinazochapishwa mtandaoni ni za Mahakama Kuu, na kesi ya aina hii hufika huko kwa njia ya rufaa. Anayekata rufaa ni yule aliyeumizwa na adhabu. Aliyetozwa faini akailipa siku hiyo hiyo hana haja ya kwenda Mahakama Kuu ya Malindi, wala yule ambaye kesi yake iliondolewa kwa kuwa mashahidi hawakufika, kwa hiyo hao wawili huwaoni kabisa katika kusoma kwako. Mwenye kutaka picha kamili na aketi katika mahakama ya hakimu asubuhi ya kusomwa mashtaka, asikilize.

Mambo niliyoyaona mara kwa mara ni haya. Shtaka la kukaidi kukamatwa ni nadra kuja peke yake. Huambatanishwa na kosa lililowafanya polisi wamsimamishe mtu, na likiwa la pili kwenye hati, hakimu hutazama kwanza kama kuna aliyeumia. Fomu ya P3, yaani ripoti ya daktari kuhusu majeraha, ya afisa aliyejeruhiwa ikiwekwa mezani, mambo hubadilika mara moja. Isipokuwepo, na mshtakiwa akawa hana rekodi, mazungumzo huwa ya faini, onyo au kifungo cha nje.

Jibu la pili (wakili)

Nakubaliana na mzee kuhusu hukumu za mtandaoni, lakini neno "kosa dogo" silikubali. Kifungu cha 253 kina kiwango cha juu cha kifungo cha miaka 5. Aidha, polisi wangeweza kutumia kifungu cha 103 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, ambacho nacho kinahusu kumshambulia, kumkaidi au kumzuia afisa kazini. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kusoma hati ya mashtaka yenyewe na kuona ni sheria gani iliyotajwa, maana hesabu yote ya adhabu huanzia hapo.

Kiwango cha juu ni dari tu. Chini yake hakimu ana nafasi kubwa: kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu kinamruhusu kumwachilia mtu aliyepatikana na hatia bila masharti, au kwa sharti la kutotenda kosa kwa muda usiozidi miezi 12, kuna uangalizi wa afisa wa urekebishaji tabia, na kuna amri ya huduma kwa jamii chini ya sheria ya mwaka 1998, ambayo inawezekana hata kwa kosa hili, mradi hakimu aone kifungo kinachostahili hakizidi miaka 3. Faini nayo ina mkia wake. Asiyeweza kulipa hufungwa kwa mujibu wa kifungu cha 28 cha Kanuni hiyo ya Adhabu, na kwa faini iliyozidi shilingi 15,000 lakini isiyozidi 50,000, kifungo hicho chaweza kufika miezi 6. Familia nyingi husikia neno faini zikashusha pumzi kabla ya kuuliza pesa zitatoka wapi.

Kuhusu kukiri, kumbuka kwamba hata faini ndogo ni hatia, na hatia huonekana kwenye cheti cha mwenendo mwema siku kijana atakapokiomba kwa ajili ya ajira. Tena kukiri hakuishii kwenye neno "kweli". Baada ya hapo upande wa mashtaka husoma maelezo ya tukio, naye huulizwa kama ni sahihi. Akisema "sikumsukuma afisa, niliuvuta mkono kwa sababu sikuwa nimeambiwa kosa langu", hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana. Utaratibu huo ulisisitizwa katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, na bado ndio unaofuatwa.

Utetezi wenyewe upo. Ni lazima ithibitishwe kwamba afisa alikuwa akitekeleza kazi yake ipasavyo, na Kipengele cha 49 cha Katiba kinataka anayekamatwa aelezwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa. Kuuliza kosa lako si ukaidi. Na kwa kuwa leseni anayo, akaionyeshe mahakamani: shtaka la kwanza litayumba, na la pili litafuata.

Jibu la tatu

Wakili, hapo mwisho naomba tutofautiane. Shtaka la kwanza kuanguka hakuliangushi la pili moja kwa moja. Afisa akiwa na sababu ya kuridhisha ya kushuku kosa wakati ule, bado alikuwa kazini kihalali, hata kama baadaye leseni itaonyeshwa. Sheria ya trafiki inamtaka mwendeshaji aitoe leseni anapotakiwa na polisi, na siku ile hakuitoa. Mimi ningeyaweka matumaini kwenye ule mkono: ulivutwa vipi, na nani aliona? Kama abiria alikuwepo, au mwuza maji aliyekuwa karibu na kizuizi, watafutwe sasa kabla kumbukumbu hazijafifia.

Aliyeuliza

Ahsanteni. Abiria alikuwepo, tena ni jirani yetu. Je, upande wa mashtaka ukiiondoa kesi, ndiyo imekwisha?

Wakili

Ndugu wa jibu la tatu amesema kweli kuhusu shaka ya kuridhisha. Leseni itasaidia, lakini ushahidi wa jirani ni mzito zaidi. Kuhusu kuondolewa, inategemea hatua iliyofikiwa. Kesi ikiondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, anaachiliwa, lakini anaweza kushtakiwa upya kwa mambo yale yale. Hakimu akiamua kwamba hana kesi ya kujibu chini ya kifungu cha 210, hapo ameondolewa hatia. Akipatikana na hatia, rufaa hukatwa ndani ya siku 14. Na ile stakabadhi ya dhamana aliyopewa kituoni aihifadhi vizuri, kwa sababu bila hiyo kurudishiwa pesa zake kutakuwa safari nyingine.