Naomba ushauri: seli nyeupe zinajuaje pa kushukia?

Jamani, nasomea maabara hapa Mombasa na Jumatatu ni zamu yangu kuwafafanulia wenzangu. Mfano wangu: mama kadungwa kidole na mwiba wa samaki changu, kufika jioni kimevimba, chekundu, cha moto. Ukuta wa mshipa wa damu hapo huchomoza selektini, yaani protini za kunasia seli. Seli nyeupe hunasa kidogo, huachia, hunasa tena, huku zikibingirika. Kemokini (kemikali za kuita seli) huziamsha, integrini zao (protini za kushikia) hukaza kwenye ICAM-1, protini ya ukuta wa mshipa, zinasimama, kisha hujipenyeza nje. Nazifananisha na makanga anayekimbia sambamba na matatu pale Mwembe Tayari, mkono kwenye chuma, kabla hajadandia. (Mshipa hautembei, najua, mfano unachechemea.)

Ninapokwama: mtu akipewa deksamethasoni (dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe), uvimbe hupungua lakini seli nyeupe kwenye damu huongezeka. Watoto waliozaliwa na upungufu wa CD18 (kipande cha hizo integrini) nao huwa na seli nyeupe nyingi kwenye damu, kitovu huchelewa kudondoka, na kidonda hakitungi usaha. Niyaweke yote mawili chini ya sababu moja, kwamba seli zimeshindwa kushika ukuta? Au deksamethasoni niieleze kando, maana uboho nao huachilia seli zaidi? Na badala ya makanga, nitumie mfano gani?