Faili za kwetu kwenye kompyuta ya Tabata

Shikamoo kaka. Tuko sita huku Leicester, tunataka picha za harusi na hati za kiwanja cha Kigamboni zikae kwenye ile kompyuta yako. WhatsApp inazibana picha mpaka shangazi hatambuliki. Tufungue tu FTP, ile njia ya zamani ya kuhamisha faili, kwenye ruta?

—

Marahaba mdogo wangu. FTP hapana, nywila inasafiri uchi, bila kufichwa. Tutatumia SFTP, inayohamisha faili ndani ya SSH, yaani njia iliyosimbwa ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, na nywila nimezizima kabisa: kila mtu aje na ufunguo wake. Andika ssh-keygen -t ed25519, utapata faili mbili, la siri na la wazi; nitumie lile la wazi linaloishia na .pub tu. Shemeji yako alirusha lile la siri kwenye grupu la familia! Ikabidi aanze upya.

Kuhusu ruta, nilihangaika siku mbili nafungua porti, yaani mlango wa kuingilia kutoka nje, wapi. Kuja kutazama, anwani iliyopewa ruta inaanza na 100.72. Kuanzia 100.64 hadi 100.127 ni anwani za kuchangia: mtoa huduma amerundika wateja kibao nyuma ya anwani moja ya nje, basi ukipiga hodi kutoka huko, hodi haifiki Tabata. Nikakodi seva ndogo nje yenye anwani yake. Kompyuta yangu ndiyo inayoifuata kwa WireGuard, programu ya kuchimba njia ya siri ndani ya mtandao, na kila sekunde 25 inatuma kijipakiti ili njia isizibe. Nyie mtapitia huko. Halafu njia ya siri kama hiyo ndiyo VPN, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, Oktoba 2023 ilitangaza wanaotumia VPN wajisajili. Hilo niachieni mimi niliye huku.

Kila mmoja nimemfungia kwenye folda yake kwa ChrootDirectory, mpangilio wa SSH unaomzuia asitoke nje ya folda hiyo. Hapo jioni nzima ilipotea. Folda ya juu lazima iwe mali ya root, yaani msimamizi mkuu wa kompyuta, asiiandikie mwingine yeyote, la sivyo ufunguo unakubaliwa na papo hapo unatupwa nje. Ya kupakia unaiweka ndani yake, kwa jina la mwenyewe.

Hati za kiwanja zifungeni kwa gpg, programu ya kusimba faili, kabla ya kupakia. Hata mimi sitaki kuweza kuzisoma, mambo ya viwanja nayajua.

—

Ahsante kaka. Na umeme ukikatika?

—

UPS, lile betri la akiba, inabeba ruta na kompyuta kama dakika arobaini. Zikiisha, mtasubiri kama ninavyosubiri mimi gizani. Picha msizifute kwenye simu zenu kwanza.