Mieleka ya kupangwa ya Japani ndo imeizaa MMA (mapigano ya kuchanganya ngumi, mateke na kukabana), ubishi uko wapi?

Mleta mada:
Wakuu, kila ikitajwa MMA watu wanaanzia UFC ya kwanza, mashindano ya Marekani ya Novemba 1993 kule Denver, na yule Royce Gracie, Mbrazili wa jujitsu, alivyokuwa anawakaba majitu, mi nasema mnaanzia katikati. Miezi miwili kabla, Septemba 21, wanamieleka Funaki na Suzuki walishafungua Pancrase, kampuni ya mapigano ya kweli, Japani, na wote wawili wametoka New Japan, kampuni ya mieleka ile ile ambayo mshindi anajulikana kabla kengele haijalia. Ken Shamrock aliyemshinda Funaki siku hiyo ndo huyohuyo aliyeenda Denver akakutana na Gracie.

Chimbuko ni Karl Gotch, Mbelgiji aliyeivia Wigan, Uingereza, kwenye mieleka ya kukaba na kukunja viungo kwelikweli, akaja kuwafundisha vijana wa Antonio Inoki, mwanzilishi wa New Japan. Sasa umfundishe mtu kuvunja mkono halafu kila jioni umwambie aigize, si atachoka tu? Sayama, mwanamieleka aliyevaa kinyago cha Tiger Mask wa kwanza, kipenzi cha watoto wa Japani, alichoka akaanzisha Shooto, mchezo wa mapigano ya kweli, katikati ya miaka ya 80. Akira Maeda na wenzake wa UWF, kampuni nyingine ya mieleka, walikuwa bado wanapanga matokeo ila mateke na kabali zilikuwa nzito mpaka mashabiki wakaamini ni kweli, na wakishaamini hivyo ndo soko la mapigano ya kweli limeshapatikana hapo. Inoki vs bondia Muhammad Ali ya 1976 mnaicheka bure, jamaa kalala chini raundi 15 anampiga Ali mateke ya miguu, droo, lakini Ali alilazwa hospitali kwa ile miguu.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu umeiruka Brazil makusudi. Akina Gracie walikuwa wanapigana vale tudo, mapigano ya Brazil yenye kanuni chache sana, Gotch hata hajafika Japani. Na hiyo Pancrase yako ngumi ya uso ilikuwa marufuku, unapiga kwa kiganja, ukikabwa unashika kamba unaachiwa, MMA gani hiyo? Halafu Takada, staa wa UWFi, kampuni ya mieleka iliyotokana na UWF, Oktoba 11 1997 Tokyo Dome, Rickson Gracie wa familia ileile kamshinda kwa kumkunja mkono dakika 5 hazijaisha, mwaka uliofuata tarehe ileile tena kachapwa. Waigizaji walikuwa wanauza majina bana.

Mleta mada:
Takada sawa, simtetei. Ila nani alijaza watu siku ile? Pride yenyewe, mashindano ya MMA ya Japani, ilianzishwa ili lile pambano lifanyike, na watu walienda kumwona mwanamieleka wao. Alafu unamsahau Sakuraba, katoka UWFi hiyohiyo: Mei 2000 familia ya Gracie ikadai masharti yake, hakuna kikomo cha muda, refa asisimamishe, wakapigana dakika 90 mpaka kona ya Royce ikarusha taulo. Na ukitaka Brazil twende Brazil, jujitsu walifundishwa na Mitsuyo Maeda, Mjapani ambaye alishazunguka Ulaya kupigana mieleka ya kulipwa. Kimura aliyemvunja mkono Helio Gracie 1951 naye alikuwa ameshaingia mieleka ya kulipwa.

Mchangiaji wa pili:
Mnabishana nani kazaa, hamuulizi mieleka ilifaidika nini. Inoki alilazimisha wanamieleka wake waende kupigana kweli, Yuji Nagata akatolewa na mpiganaji wa kweli Cro Cop Desemba 31 2001 sekunde 21 tu, miaka miwili baadaye karudi tena kwa Fedor, bingwa wa Pride, kachapwa vilevile. Huyo alikuwa nyota wa New Japan! Nani atalipa kiingilio kumwona anashinda kwenye mieleka wiki inayofuata? Kampuni iliyumba miaka mingi kwa ajili ya huo ubishi wa kuthibitisha.

Mchangiaji wa kwanza:
Hapo kwa mchangiaji wa pili nakubali. Ila mleta mada hujajibu, Pride 5 Takada kamfunga Mark Coleman, bingwa wa zamani wa UFC, kwa kumkunja kisigino. Uliangalia ile? Wengi wetu tunaamini ilipangwa. Sasa hiyo tuiweke kwenye historia ya MMA au ya mieleka?