Matete yaliyotiwa mbolea nyingi na upungufu wa magnesiamu kwa ng'ombe

Mfugaji wa Goba:
Habari za jioni, ndugu wafugaji. Ng'ombe wangu wawili wa maziwa hula matete ninayoyakata nyuma ya nyumba. Masika yalipoanza nilitia mbolea ya NPK 17:17:17 (yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu) na kisha urea, juu ya samadi na mkojo wa bandani unaomwagwa humo kila siku, na kwa kuwa majani yalipanda haraka nikawa nayakata yakiwa bado ya magotini. Ng'ombe mmoja akaanza kutetemeka na kuyumba, na daktari wa mifugo akasema amepungukiwa magnesiamu. Imekuwaje, ilhali majani yamestawi hivyo?

Bwana Malisho:
Pole sana, ndugu yangu. Nyasi zikikuta potasiamu nyingi udongoni huifyonza kuliko zinavyohitaji, nayo huizuia magnesiamu mara mbili: kwanza kwenye mizizi, kisha ndani ya tumbo kubwa la ng'ombe, ambako ndiko magnesiamu huingilia mwilini. Mkojo wa ng'ombe umejaa potasiamu, kwa hiyo ulikwisha kuitia kabla hujafungua mfuko wa NPK. Umri nao ulichangia, kwa kuwa machipukizi ndiyo yenye potasiamu na naitrojeni nyingi zaidi, na viwango hivyo hushuka kadiri shina linavyorefuka. Wataalamu hulinganisha potasiamu na jumla ya kalsiamu na magnesiamu kwa milikwivalenti (kipimo kinachohesabu chaji za umeme za madini badala ya uzito wake), na uwiano ukizidi 2.2 hatari huanza. Kilo moja ya majani makavu yenye gramu 35 za potasiamu, 3.5 za kalsiamu na 2 za magnesiamu tayari ina 2.6.

Mama Kibamba:
Basi ayaache yakomae? Mimi niliyaacha yakanipita kimo. Ng'ombe wakala majani, wakaacha mashina, na maziwa yakapungua.

Bwana Malisho:
La, mama, asifike huko. Akate yakiwa na kimo cha mita moja hivi. NPK aiache kwanza, urea aitie kidogo kidogo baada ya kukata, na udongo aupeleke kupimwa SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) au TARI Mlingano (kituo cha utafiti wa kilimo); ukionekana una tindikali, chokaa ya dolomaiti itaongeza kalsiamu na magnesiamu pamoja. Achanganye pia majani ya lukina (mti wa malisho wa jamii ya kunde), yenye kalsiamu nyingi, kwa sababu oksalati, kemikali iliyomo kwenye matete, huifunga kalsiamu isitumike mwilini, na pumba za mahindi, tunazozitegemea mno hapa Dar, zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Ng'ombe anayekaribia kuzaa asipewe kabisa majani ya pale panapomwagwa mkojo, maana potasiamu nyingi humweka katika hatari ya homa ya maziwa, yaani kushuka kwa kalsiamu kwenye damu wakati wa kuzaa.