Mrejesho: maziwa yametoka, alhamdulillahi

Dada zangu, ni mimi wa Shela, Lamu, niliyeuliza: siku ya 4 baada ya upasuaji, matiti makavu, mtoto analia usiku kucha. Mliniambia nimwone mkunga, nikaenda. Alimpima mtoto kwanza, kisha akanirekebishia namna ya kumshikisha titi. Kumbe alikuwa akivuta chuchu tu, ndiyo maana nilipata vidonda! Nikamlaza kifuani ngozi kwa ngozi, nikanyonyesha mara 10 kwa siku, usiku pia, kisha nakamua kwa mkono. Siku ya 6 kanga ikalowa, nikalia. Uji wa mama ulinipa nguvu, ila naamini kilichovuta maziwa ni kunyonya kwenyewe. Sasa analowesha nepi 6, na juzi amerudia uzito wa kuzaliwa. Ahsanteni sana.