Antena ya nje na radi za Bukoba

Muulizaji: Habari zenu, wakuu. Nimefunga antena kwenye bomba la chuma la futi 15 juu ya paa la bati, na picha ni safi. Ila huku Bukoba radi hazituachi, nao waya wa antena unaingia moja kwa moja sebuleni. Je, inatosha kuufunga mlingoti kwenye bomba la maji?

Fundi umeme: Haitoshi, ndugu yangu, kwa kuwa mabomba mengi siku hizi ni ya plastiki. Chimbia fimbo ya shaba karibu na ukuta, uiunganishe na mlingoti kwa waya wa shaba wa milimita 16 za mraba usiopindwa kona kali, kisha uiunganishe pia na ethi ya nyumba (mfumo unaopeleka umeme ardhini). Fimbo hiyo na ethi ya nyumba zikiachwa bila kuunganishwa, radi ikipiga, tofauti ya volti kati yake inaweza kupitia kwenye televisheni.

Mchangiaji: Nakubali, ila kwangua kwanza rangi na kutu pale kibano cha waya kinaposhika bomba la mlingoti. Mimi nilibana juu ya rangi, nikajidanganya mwaka mzima.

Muulizaji: Nashukuru. Wingu likitanda, bado nichomoe waya?

Fundi umeme: Chomoa mapema, kabla ngurumo hazijaanza, kwa sababu radi ikipiga mlingoti wenyewe, ethi hupunguza madhara, haiyaondoi.